Mahari ya Jezi

Simu haikuwa yangu, na mama yangu, Mungu amrehemu, alinifundisha mapema kwamba simu ya mwanaume haishikwi. Lakini ile ilikuwa inalia, inakatika, inalia tena, juu ya meza ya kukatia vitambaa. Nasri, mchumba wangu na mwenye simu, alikuwa amekwenda na baba kusali adhuhuri. Kichwa kilikuwa kinanigonga tangu asubuhi. Siku ya kuposwa ukiumwa kichwa watu wanakwambia ni furaha hiyo, nami niliwaacha waseme.

Nikaipokea ili nimwambie huyo mtu apige baadaye. Kioo kikajaa uso wa mwanamke mtu mzima aliyejitanda kanga. Nyuma yake kulikuwa na ukuta mweupe na muuguzi wa Kizungu aliyeshika bakuli.

"Wewe Koleta," yule mama akasema. "Umekwenda kisimani tangu saa ngapi? Au umekutana na yule karani wako wa reli?"

Mimi siitwi Koleta. Naitwa Shamila, binti wa Nurdini fundi cherehani, na Tabora nzima inanijua kwa mdomo wangu. Lakini siku hiyo mdomo ulikwama, kwa sababu uso ule niliujua. Nasri alikuwa amenionyesha picha. Ni Bi Mwanahawa, mama yake, mzaliwa wa mtaa wa Kitete hapa hapa Tabora, aliyeolewa akapelekwa Denmaki na hakurudi tena. Kila nilipomuuliza Nasri habari zake alinijibu, "Mama mzima kabisa, anawasalimia wote."

"Shikamoo mama," nikasema.

"Shikamoo ya nini, unanizeesha? Abbasi amepita hapo?"

Abbasi ni baba yake Nasri. Alifariki Nasri akiwa bado anavaa kaptula ya shule.

"Bado hajapita," nikasema. Sijui jibu lile lilitoka wapi.

"Akipita mwambie nimelazwa hapa hospitali ya Kitete, ila nitatoka tu. Na manesi wa siku hizi, Koleta, wanaongea nini sijui. Labda wamewaleta kutoka Songea. Kuna kijana mmoja tu ndiye anaongea vizuri. Anakuja kunilisha uji. Siku hizi simwoni, na hawa wengine hawajui hata kumwambia mtu kula." Akawa ananitazama. "Kijana mzuri. Sijui ni mtoto wa nani."

Yule muuguzi akainama kwenye kioo, akasema, "Nasri? Nasri?" Nikatikisa kichwa. Akainua kijiko, akamwonyesha Bi Mwanahawa, Bi Mwanahawa akafunga mdomo na kugeukia ukutani. Muuguzi akanigeukia mimi. Macho yake yalikuwa yanaomba, na hilo halihitaji mkalimani.

"Dada," nikasema. "Kula kidogo. Kula, halafu nikupe habari za karani wangu."

Bi Mwanahawa akacheka, akafungua mdomo. Nikamtungia habari za karani ambaye simjui, na kila nilipofika patamu nikamwambia meza kwanza. Alikula hadi katikati ya bakuli. Muuguzi akaweka mkono kifuani kwake, namna ya kushukuru, na simu ikakatika.

Nilipoinua macho, Nasri alikuwa amesimama mlangoni peke yake, kofia mkononi. Sijui alikuwa pale tangu lini.

Niseme jinsi tulivyofika hapo. Nasri alikuja Tabora mwanzoni mwa kiangazi kutafuta ndugu wa baba yake. Aliingia dukani kwetu kushonewa kanzu. Mrefu, mweusi wa kupendeza, miguu ya mchezaji, na mimi nikajiandaa kuongea Kiingereza changu cha sekondari. Akafungua kinywa akaniuliza, "Binti, hujambo? Gari moshi la Kigoma hupita saa ngapi?" Kiswahili cha bibi yangu kabisa, kimekaa kwenye jokofu miaka yote hiyo. Nilicheka mpaka nikajichoma sindano. Akanishika kidole akakitazama, akasema pole, akasahau kukiachia. Mapenzi yangu yalianza kwenye kidole hicho na sina aibu kusema.

Alikuwa anacheza beki wa kushoto katika klabu ndogo kule Denmaki. Watu wa shirikisho la mpira walipopata habari kwamba kuna kijana wa damu yetu, na mashindano ya Afrika yanakuja kuchezwa hapa kwetu, wakamtafuta. Tatizo likawa moja: sheria yetu haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Anayetaka jezi ya Taifa arudishe kwanza pasipoti ya kwao. Bodaboda wa pale stendi walikuwa wanaieleza sheria hiyo vizuri kuliko mawakili.

Na baba yangu akakaza hapo hapo. Ana kaka yake aliyechukua uraia wa Ulaya, na bibi alipofariki kaka huyo alikuja kumzika mama yake mzazi na viza mkononi, kama mtalii. Baba hajalisahau. Nasri alipotuma watu, baba alimwita akamwambia usoni, "Baba yako namjua, nimecheza naye. Mama yako namjua. Wewe ndiye sikujui bado. Binti yangu namtoa kwa mtu wa hapa. Kuwa wa hapa, uje tuongee." Nasri akasema ndiyo, bila hata kufikiri. Baba akafurahi, akashona jezi kwa mkono wake, namba tatu mgongoni na jina ABBASI juu yake, akaitundika dukani. Watu walikuwa wanakuja kuitazama tu.

Sasa Nasri alikuwa mlangoni.

"Amekula?" akauliza.

"Nusu bakuli."

"Umefanyaje?"

"Nimekuwa Koleta."

Akaingia taratibu, akakaa kwenye kigoda cha baba. "Koleta alikuwa shoga yake. Amekufa zamani."

"Mama mzima kabisa," nikasema. "Anawasalimia wote."

"Shamila."

"Si ndivyo ulivyoniambia? Mimi nampindia kanga mama mkwe, namchagulia rangi, kumbe hajui hata kama wewe ni mwanawe."

"Usiseme kwa sauti."

"Nitasema kwa sauti ninayotaka, duka ni la baba yangu."

Alisubiri nipoe. Hilo nalo nilikuwa nalipenda kwake na siku hiyo liliniudhi. Kisha akasema, huku anaikunja kofia na kuikunjua, "Kilianza Kidenmaki kumtoka. Kidogo kidogo. Alikuwa anatafuta neno la kijiko, halioni. Kikaisha chote. Miaka thelathini amefagia maofisi yao, amemzika mume kule, amenilea kule, na leo hawezi kuomba maji kwa lugha yao. Amebaki na hii ya hapa."

"Na kule anayeijua hii ya hapa ni nani?"

Akaitazama kofia.

"Nasri, ni nani?"

"Ni mimi."

"Sasa ukirudisha pasipoti yao itakuwaje?"

"Nitakuwa mgeni. Na mchezaji mgeni kutoka nje ya Ulaya, sheria yao inataka alipwe mshahara mkubwa sana. Klabu yangu haiwezi. Wataniacha. Nitacheza ligi ya hapa, nitaomba viza niende kumwona."

"Mlete huku."

"Nimemuuliza daktari. Anasema chumba kile ndicho pekee anachojua mlango wake uko wapi, akihamishwa atapotea kabisa. Halafu, Shamila, yeye hajui kama aliondoka. Yuko Tabora. Nikimleta Tabora hii yenye lami na maghorofa ataniuliza lini tunarudi nyumbani."

Nilikaa chini juu ya marobota ya vitambaa. Hasira ilikuwa imeanza kuniishia, nami sikutaka iishe, kwa sababu nilijua nyuma yake kuna nini.

"Kwa hiyo unamwacha," nikasema.

"Hanijui jina."

"Anakujua kwa uji."

Akafunika uso kwa kofia. Alipoitoa kofia macho yalikuwa mekundu. "Unataka nifanye nini? Nimekwisha sema ndiyo. Kwa baba yako, kwa shirikisho, kwa mtaa mzima. Jumatatu natakiwa Dar kusaini. Na usidhani nimelazimishwa. Kule nikicheza vizuri ni wao, nikikosea mtu ananiuliza kwetu hasa ni wapi. Hapa nikipita tu, wauza ndizi wanasema yule wetu. Sikuwahi kuambiwa neno hilo maisha yangu yote. Nalitaka. Na wewe nakutaka. Nikikataa jezi navikosa vyote viwili siku moja."

"Mwambie baba ukweli. Si mtu mbaya."

"Atanionea huruma. Sitaki kupewa mke kwa huruma. Niahidi hutamwambia."

"Nakuahidi hilo. Sitamwambia habari za mama yako."

"Na utakubali leo?"

Alikuwa amesogea karibu. Alishika kidole kile kile, cha sindano, akanitazama kama siku ile ya kwanza. Nilitamani kusema ndiyo na dunia ifanye inavyotaka. Nilikuwa nampenda mno. Lakini masikioni bado nilikuwa nasikia ile sauti ikisema, siku hizi simwoni.

"Nenda ukavae kanzu," nikamwambia. "Wazee wanakuja."

Walikuja baada ya alasiri. Mzee Mhoja, binamu wa marehemu Abbasi, alitoka Isikizya na pikipiki akiwa na dumu la asali amelikumbatia njia nzima. Wanaume wakakaa sebuleni. Mimi nilikuwa chumbani na shangazi Shamimu, dada yake baba, pazia likitutenganisha nao. Kwenye upenyo wa pazia niliona goti la Nasri, kanzu nyeupe, na vidole vyake vikiwa havitulii.

Salamu zikaisha, fatiha ikasomwa. Kisha baba akainuka, akarudi na sinia lililofunikwa kitambaa cha kufuma. Akalifunua katikati ya mkeka. Jezi ya Taifa ilikuwa imekunjwa, jina limetazama juu.

"Mimi sitaki senti ya mtu," baba akasema, na sauti yake ilikuwa nzito kwa furaha. "Sitaki kitanda, sitaki kabati. Mahari ya binti yangu ni hii. Aivae, aichezee nchi yake, basi."

Wazee wakaguna kwa kuridhika. Mzee Mhoja akasema tangu azaliwe hajaona mahari ya namna hiyo.

Shangazi Shamimu hakuridhika. Shangazi ni mtu wa kufuata utaratibu hadi kero. Akapaza sauti kupitia pazia, "Nurdini, mambo ya mpira peleka uwanjani. Tangu lini baba akataja mahari? Mahari ni ya mwenyewe. Aulizwe."

"Si lile lile?" baba akasema.

"Liwe lile lile, aulizwe."

Baba akacheka. "Haya, muulize."

Shangazi akanigeukia. Alikuwa ananitazama kwa mapenzi, maskini, akijua jibu. "Mwanangu Shamila, unataka mahari gani?"

Vidole vya Nasri vikatulia. Nilijua kwamba nikitamka neno moja tu, jezi, nitakuwa mke wake kabla ya mfungo, na Bi Mwanahawa atafunga mdomo akigeukia ukutani hadi siku atakayoondoka. Hakuna ambaye angenilaumu. Mimi tu ndiye ningejua, na Nasri.

"Nataka msahafu," nikasema. "Na nataka asirudishe pasipoti ya kule. Abaki nayo."

Shangazi akanitolea macho. "Rudia."

Nikarudia, kwa sauti ya kufika sebuleni.

Baba akasema polepole, "Shamila. Unajua unachokisema?"

"Najua, baba."

"Kwa nini?"

Nilikuwa nimeahidi. "Sina la kuongeza, baba. Hiyo ndiyo mahari yangu."

"Unataka kwenda Ulaya," baba akasema. "Ni hivyo tu. Wewe nawe unataka kwenda."

Hilo liliniuma kuliko yote. Shangazi alinishika mkono. Mzee Mhoja, kwa kuhangaika, akamgeukia Nasri. "Kijana, umesikia mahari. Unaikubali au huikubali?"

Akikataa, amenikataa mimi mbele ya wazee. Akikubali, amevua jezi kabla hajaivaa. Nilisogeza pazia, adabu ikae kando, nikamtazama. Naye akainua macho akanitazama, mbele ya wote, na kwenye macho yale kulikuwa na lawama, na chini ya lawama kulikuwa na mtu aliyetuliwa mzigo. Nilijua amenielewa.

"Nimeikubali," akasema.

"Umekubali nini?" baba akauliza. "Kuikana nchi ya baba yako?"

"Nimekubali mahari aliyoitaja."

Baba akainama, akaikunja jezi vizuri, akalifunika sinia. "Basi mahari mmekubaliana," akasema. "Walii wa kuozesha hamna. Mimi ndiye walii wake, na simtoi kwa mgeni." Akalibeba sinia akatoka nalo. Dumu la asali likabaki pale katikati ya mkeka na hakuna aliyejua la kulifanyia.

Nasri aliondoka keshokutwa yake na gari moshi, kama anavyoliita yeye. Nilikatazwa kwenda stesheni. Alinitumia ujumbe mmoja tu, kwamba amefika na mama amekula.

Mtaani wakanibatiza Mama Denmaki. Wauza ndizi walioniita shemeji wa taifa wakawa wananigeuzia mgongo. Hayo niliyamudu, mdomo ninao. Nisichoweza kukimudu ni baba. Tulikaa duka moja, yeye kwenye cherehani, mimi kwenye meza, na akihitaji mkasi anaunyanyukia mwenyewe. Nikilia nilikwenda uani kulia, nikanawa, nikarudi kupiga pasi. Usiku nilikuwa nakumbuka kidole changu kwenye mkono wa mtu, nikajiuliza kama nimefanya wema au nimejikata kwa ujinga wangu.

Asubuhi moja, saa ya uji wa kule, simu yangu ikalia. Alikuwa Nasri. Nilimwona kwanza yeye, amekonda, tukatazamana bila hata salamu. Akasema kwa sauti ndogo, "Anakuulizia wewe. Amekataa kula mpaka Koleta aje." Akageuza kioo kwa mama yake.

Baba alikuwa kwenye cherehani, mgongo umenielekea. Nilitaka kwenda uani, lakini Bi Mwanahawa alikuwa ameshaanza.

"Koleta, huo mlio wa cherehani uko kwa nani?"

"Kwa Nurdini," nikasema.

"Nurdini yupi? Yule namba kumi aliyekosa penalti na Kigoma?"

Cherehani ikanyamaza. Penalti ile haitajwi mbele ya baba. Rafiki zake wamezeeka bila kuitaja. Akageuka kwenye kiti, na ndipo nilipoona alichokuwa anafanya kabla ya kushika kazi za wateja: jezi ilikuwa mapajani mwake, wembe juu yake, jina la ABBASI limefumuliwa nusu.

"Nani huyo?" akauliza.

"Bi Mwanahawa."

"Yuko wapi?"

"Anasema yuko Kitete. Amelazwa."

Baba akanyoosha mkono, nikampa simu. Sikumweleza, ahadi ni ahadi. Aliuona ukuta mweupe. Akauona mkono wa Nasri ukimfuta mama yake kidevu, ukirudi na kijiko, ukisubiri.

"Mwanahawa," baba akasema. "Hujambo?"

"Sijambo, Nurdini. Ndiyo umezeeka hivyo kwa penalti moja?"

Baba akacheka, halafu kicheko kikamkatikia njiani. "Unakula lakini?"

"Nakula akija huyu kijana. Hawa wengine siwaelewi." Akasogea kwenye kioo, akashusha sauti kama anayetaka umbea. "Wewe unajua watu wote mjini. Huyu kijana ni wa nani? Ni wa hapa?"

Kijiko kikasimama hewani. Nasri hakuwa anaonekana, mkono wake tu. Nilimwona baba akiutazama mkono ule, akaitazama jezi mapajani, akaurudia mkono.

"Ni wa hapa, Mwanahawa," akasema. "Ni wa Abbasi."

"Basi mwambie alete uji," Bi Mwanahawa akasema, "unapoa."